Vidonge vya inosini kwa mzee mwenye Parkinson, nimpe?

MtotoWaKirumba: Wakuu habarini, mzee wangu ana Parkinson mwaka wa tatu sasa, mkono unatetemeka mpaka kikombe cha chai namshikia mimi. Kuna jamaa kamletea vidonge vya inosini anasema vinalinda ubongo, ila mzee huyo huyo ana gauti, kidole gumba cha mguu kikivimba hata shuka likigusa analia. Nimpe?

Nesi_Igoma: Pole sana mdogo wangu. Usimpe. Inosini mwilini inavunjwa inakuwa haipozanthini, halafu zanthini, mwisho asidi ya yuriki, na hiyo ndo inaganda kwenye maungio ikaleta gauti, yani utakuwa unamwongezea maumivu tu.

Ticha wa Baiolojia: Wazo lenyewe lina msingi, watu wenye asidi ya yuriki nyingi walionekana kupata Parkinson kwa uchache ndo watafiti wakajaribu inosini Marekani kwa wagonjwa 298 wa Parkinson, majibu yakatoka 2021, asidi ilipanda kweli ila ugonjwa ukaendelea vile vile na mawe ya figo yakaongezeka.

MtotoWaKirumba: Dah asanteni sana. Na dagaa je? Anakula kila siku, tunanunua hapa mwaloni.

Nesi_Igoma: Dagaa wana purini nyingi, yani vitu ambavyo mwilini vinavunjwa kuwa asidi ya yuriki, apunguze. Samaki akishakufa nishati ya kwenye misuli inavunjika inazaa inosini hiyo hiyo, hata wapimaji wa ubichi wa samaki wanaiangalia. Dawa zake za Parkinson asiache, na mpeleke akapimwe yuriki na figo wiki hii.