Wauza visu wa Mombasa, tumechoka kuuziwa visu vya kutishia watu!

Wadau wa Mombasa, naomba tuzungumze kuhusu visu vya kukunja vinavyouzwa mjini humu, maana watu wanaumia na wauzaji wanaendelea kuhesabu pesa.

Mimi ni fundi wa boti. Kutwa nakata kamba za nailoni, mipira ya maji, vipande vya faiba, na saa sita namenya embe kwa kisu hicho hicho baada ya kukiosha. Sitaki makubwa. Nataka bapa fupi, mpini unaoshikika mkono ukiwa na maji, na loki inayoshika, yaani kizuizi cha kulifanya bapa lisijikunje likiwa wazi. Kitu kama hicho kukipata Mombasa imekuwa shida, na nitawaambia kwa nini.

Kijana anayejifunza kazi kwangu alikwenda duka moja katikati ya mji akaomba kisu kidogo cha kazi. Alichotolewa ni lidude jeusi, fuvu la kichwa kwenye mpini, meno ya msumeno mgongoni, na springi inayolirusha bapa nje ukigusa tu. "Ami, hiki ndicho wanachotumia makomando. Stenlesi halisi, hakishiki kutu maisha." Akakamuliwa shilingi elfu mbili na mia tano.

Hata mwezi haukuisha. Alikuwa akikata kamba ya nanga, akasukuma ncha ipenye kwenye fundo, loki ikateleza, bapa likamrudia kidoleni. Ameshonwa. Kidole cha kazi hicho, cha mkono wa kulia.

Nilikichukua kile kisu nikakifungua juani. Loki yake ni ile ya kibati: ndani ya mpini kuna kibati chenye springi, ukifungua bapa kinaruka na kukaa nyuma ya shina lake ili lisirudi. Kibati cha kisu cha maana ni kinene na kinakaa uso kwa uso na shina la bapa. Hiki kilikuwa chembamba kama kopo la soda, na kilikuwa kinagusa kwa kona tu, kona yenyewe imeshalika. Nikalishika bapa nikalitikisa kushoto na kulia, linacheza. Nikaubonyeza mgongo wake kwa kiganja, wala si kwa nguvu, likajikunja. Kitu hicho kilitoka dukani hivyo hivyo! Aliyekiuza angekifungua mara moja tu na kukibonyeza angejua.

Tukakirudisha. Jibu: bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na huyu kijana hajui kushika kisu. Yaani mtu ana plasta kidoleni, amesimama mbele yako, na wewe unamlaumu yeye!

Halafu hiyo "stenlesi halisi". Kwenye egemeo la bapa, pale penye skrubu, palikuwa na madoa ya kutu rangi ya chungwa, na ndani zaidi ambako huoni ni vibaya zaidi. Sisi tunaishi kisiwani. Hewa yetu ina chumvi, kusi ikivuma hata bawaba za mlango zinalia. Stenlesi, yaani chuma cha pua, haishiki kutu kwa sababu ya madini ya kromiamu, ambayo yanajenga utando mwembamba juu ya chuma, na chumvi ndiyo adui mkubwa wa utando huo. Kwa hiyo neno "stenlesi" lililogongwa kwenye bapa halitoshi huku kwetu. Kadhalika "440" peke yake, ambayo ni namba ya aina ya stenlesi. Kuna 440A, 440B na 440C, zinatofautiana kwa kaboni, na aliyetengeneza kwa uaminifu anaandika herufi. Siku hizi wanakuja pia na D2, chuma kingine cha visu, wanaisifu kweli kweli. D2 inashika makali muda mrefu, sikatai, lakini kaboni yake nyingi inafunga sehemu kubwa ya kromiamu, na mtu wa bahari akikisahau kisu chake cha D2 kikiwa na maji ya chumvi atakikuta na madoa. Chuma kama H1, ambacho wametumia naitrojeni badala ya kutegemea kaboni, ndicho cha baharini hasa, lakini muulize muuzaji wetu uone atakavyokukodolea macho. Na zile nakshi za mawimbi wanazoziita Damasko, eti chuma cha matabaka, kwenye visu vya bei ya chini, nyingi zimechorwa juu tu. Zisugue zinatoka.

Msiniambie kisu kizuri ni cha matajiri. Opinel ya Ufaransa ipo tangu 1890: mpini wa mti, bapa, na pete ya chuma, iliyoongezwa baadaye, unayoizungusha kulifunga bapa, basi. Hakuna fuvu, hakuna springi ya kurusha. Huku pwani chukua ile ya chuma cha pua, usichukue ya kaboni, na ujue mti wake hufura kwa unyevu bapa likawa gumu kutoka. Victorinox ndogo ya Uswisi haina loki kabisa, springi tu ndiyo inalizuia bapa, na inajulikana hivyo, hakuna anayekudanganya, kwa hiyo hulisukumi kwa ncha. Ninachokipinga ni kisu kinachodai kina loki huku hakina. Hicho ni kibaya kuliko kisicho na loki, kwa sababu mkono umekiamini. Na zile nyekundu zenye msalaba zinazotembezwa barabarani kwa mia tatu, hizo si Victorinox, tusidanganyane.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawalitaji kamwe. Mji huu umeteseka na vijana wa mapanga, Kisauni na Mji wa Kale tunajua tuliyoyaona. Askari ana haki ya kuwa macho. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu mtu anayekutwa na silaha ya hatari katika hali inayoonyesha nia ya kutenda kosa kubwa. Sasa mtie kijana wa miaka kumi na tisa kwenye ukaguzi wa feri ya Likoni jioni, mfukoni ana dude jeusi lenye fuvu linalofyatuka. Ataeleza nini? Kisu cha sentimita saba chenye mpini wa mti, kikiwa ndani ya mfuko wa vifaa pamoja na spana na gundi, kinajieleza chenyewe kwamba ni cha kazi, ingawa hata hicho askari anaweza kukuuliza nacho, na ukiweza kukiacha nyumbani, kiache. Muuzaji anamuuzia kijana sura ya jambazi kisha anafunga duka anakwenda kulala.

Ninachotaka ni hiki. Mteja aruhusiwe kukifungua kisu kabla ya kulipa, akitikise, akibonyeze mgongo vidole vikiwa mbali na makali, aone kibati kinakaa wapi. Muuzaji anayekataa hilo anajua anachouza. Loki ikiachia, pesa zirudishwe bila maneno. Na wekeni visu vidogo vya kazi kwenye kabati la kioo, kwani wanunuzi tupo: mafundi, wavuvi, wapakizi wa Kongowea, kina mama wa madafu.

Anayejua duka kisiwani, Nyali au Likoni linalouza hivyo, aliandike hapa chini. Waliouziwa dude kama la kijana wangu nao waweke picha ya loki kwa karibu, ikiwa wazi. Mimi kesho asubuhi narudi pale dukani na kisu na karatasi ya hospitali, na pesa ya kijana nitaidai mbele ya wateja.