Mhusika wangu wa miaka 16 ana mimba, niiache itoke yenyewe?

kalamu_mbichi:
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naandika riwaya ya vijana, rika la miaka 13 mpaka 18 hivi, na nimekwama sura ya 9 wiki ya tatu sasa. Mhusika mkuu ana miaka 16, yuko sekondari, anapata mimba ya kijana wanayependana, hajabakwa wala hajarubuniwa na mtu mzima, ni wote wawili tu hawakujipanga. Plani yangu toka mwanzo ilikuwa sura ya 10 mimba inatoka yenyewe, anaumwa siku mbili tatu, analia, anarudi shule akiwa ameshakua kiakili. Juzi nikamsomea dada angu akaniuliza swali moja tu, kwani yeye mwenyewe alikuwa anataka nini? Nikakosa jibu. Yaani kurasa 140 niko ndani ya kichwa cha huyu binti, najua mama yake anataka nini, najua shangazi anataka nini, kijana naye najua, yeye sijui. Sasa naomba mnisaidie, niiache itoke au nimwachie aamue kweli? Na akiamua naandikaje bila kumhubiria msomaji, maana akizaa nitaambiwa nasifia mimba za utotoni na akitoa nitaambiwa nafundisha watoto wa watu kutoa mimba.

bibi_miswada:
Dada ako ana jicho. Mi nimehariri miswada ya vijana miaka mingi na hii ya mimba kutoka karibu na mwisho nimekutana nayo mara nyingi mno. Sio kwamba haitokei, inatokea sana, katika kila mimba 100 ambazo mwenyewe ameshajua anazo kama 10 mpaka 20 hutoka, nyingi kabla ya wiki 12, na ukitaka kuandika habari ya msichana aliyepoteza mimba iandike, ina uchungu wake na inastahili kitabu kizima. Ila wewe hutaki kuandika hiyo, wewe unataka mimba iondoke ili hadithi iendelee. Umemwokoa binti asiamue, na msomaji wa miaka 15 ambaye pengine usiku huo ana jambo hilohilo tumboni anafunga kitabu akiwa na jibu moja tu, subiri labda itatoka.

Na hilo la kuogopa lawama, mwenzangu, hutoziepuka. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka 1971, Rosa anaishia kujiua, adhabu gani tena kubwa kuliko hiyo, na bado kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kwa kipindi. Halafu kuna Judy Blume wa Marekani, binti yake alimwomba hadithi ya vijana wanaopendana wakafika mbali na asife mtu, ndo akaandika Forever mwaka 1975, msichana wa humo anaenda mwenyewe kliniki kutafuta uzazi wa mpango. Nacho kimeondolewa maktaba nyingi tu. Aliyeadhibu alizuiwa, asiyeadhibu alizuiwa. Sasa kama ni hivyo si bora uandike ukweli wa huyo mtoto?

mkunga_wa_zamu:
Mi sio mwandishi, ni mkunga, ila riwaya nasoma sana na kinachoniumiza kila mara ni kalenda. Jamani wiki za mimba zinahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, sio siku waliyokutana, kwa hiyo siku anayoona mbona sijaona siku zangu tayari ana wiki 4 hivi, akiogopa kupima mwezi mzima ana wiki 8, na kwa umri huo wengi siku zao hazijatulia anaweza asishtuke mpaka mbele zaidi. Kwenye vitabu anatapika asubuhi moja mama anajua hapohapo. Kweli wapo wanaotapika lakini tumbo la mimba ya kwanza kwa wengi halionekani mpaka wiki ya 16 na kuendelea, na mtoto akicheza anamsikia wiki ya 18 mpaka 20 huko, kwa hiyo binti anaweza kukaa na siri muda mrefu sana akiwa peke yake na hapo ndo pa kuandika, sio kwenye kutapika.

Kingine vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Vinatumika ndani ya siku 5 baada ya kukutana na kadiri unavyowahi ndo vizuri, vinachelewesha yai lisitoke, mimba ikishatunga havina la kufanya. Mabinti wanakuja kwetu hawajui hilo, wanadhani ni vidonge vya kutolea mimba, aya mbili tu za kwako zingesaidia. Na amua hadithi iko nchi gani, sheria za nchi hazifanani, kuna mahali anaruhusiwa kutoa mpaka wiki fulani, kuna mahali haruhusiwi kabisa, kuna mahali lazima mzazi ajue. Ukishajua hilo na ukijua ana wiki ngapi utaona siku zinavyomkimbia na wala hutohitaji tukio lingine la kusisimua. Na akizaa usiandike kama kazaa mtu wa miaka 25, kifafa cha mimba na upungufu wa damu kwa hawa wadogo tunaviona sana.

mama_K:
Mi nilipata nikiwa na miaka 17. Nilikuwa msomaji mkubwa wa hadithi na zote nilizosoma msichana wa hivyo ama alikufa ama aliozwa, nikawa nasubiri langu ni lipi. Ninachokumbuka mpaka leo sio kupima wala kujifungua. Kulikuwa na kikao, wazee walikuja upande wetu na upande wa kina yule kijana, mi nikatumwa nilete viti, nikaleta, vikapungua nikaenda kuazima kwa jirani, nikarudi navyo, halafu nikaambiwa toka nje watu wazima waongee. Kwahiyo nilikaa nje nikisikia sauti sielewi maneno. Hakuna aliyeniuliza, sio siku ile wala baadae. Nilizaa, mwanangu ana miaka 14 nampenda kuliko roho yangu, lakini kumpenda na kuulizwa ni vitu viwili, watu wakisikia nasema hivi wanadhani namkataa mtoto, simkatai. Mwandikie binti wako mtu hata mmoja wa kumuuliza.

mwl_fasihi:
Nawasikia wote ila mi nafundisha na nina hofu moja, ukishaamua kumpa uamuzi usije ukageuza sura 3 kuwa mdahalo, mhusika mmoja anatetea kuzaa mwingine anatetea kutoa, watoto wanaliruka hilo wanaenda mwisho kuona nani kashinda. Sijakubaliana na bibi_miswada kwamba lawama zisikusumbue, mwalimu anayekipeleka darasani ndo anayeitwa ofisini. Ila andika. Na yule kijana yuko wapi? Kwenye maelezo yako umemgusia juujuu tu. Angela Johnson aliandika The First Part Last mwaka 2003, msimulizi ni kijana wa miaka 16 analea binti yake mchanga, usingizi haupo, na wanafunzi wangu wa kiume walikaa kimya waliposoma, kimya cha kufikiri. Kutoa, kuzaa na kulea, kumpa mtoto familia nyingine imlee, yote hayo naye yanampitia, asipotee tu kwenye ukurasa.

kalamu_mbichi:
Nimerudi. Sura ya 10 nimeifuta. Nimehesabu kama mkunga alivyosema nikakuta binti wangu sura ya 9 ana wiki 11 tayari, mi nilikuwa nadhani 6, sasa nimeelewa kwanini kila nikiandika haharakishi nilikuwa naona kuna kitu hakikai sawa. Bado sijui atachagua nini ila jana usiku niliandika yeye na bibi yake mzaa mama wako peke yao na bibi anamuuliza, na hajibu haraka, kurasa 2 nzima hajajibu na sikumsukuma. Kijana naye amepata sura yake. mama_K naomba ruhusa, vile viti, naweza kuvitumia?

mama_K:
Chukua. Ila akiwa pale nje usimfanye alie. Mi sikulia, nilikuwa nahesabu viti nisije nikakosea kurudisha vya jirani.