Wakusanyaji wa sarafu, noti, stempu na santuri Dodoma: tupeane uzoefu wa kupatana bei mtandaoni

Mwanzisha mada

Mbukwenyi wakuu. Sisi tunaokusanya vitu vya zamani hapa Dodoma hatuko wengi. Ukimpiga mtu wa Area C leo, kesho Kikuyu na Nkuhungu wana habari, na bado ipo siku utataka kununua kitu kwa huyo huyo uliyempiga. Kwa hiyo nauliza: mnapatanaje? Ujanja halali wa sokoni unaishia wapi na wizi unaanzia wapi?

Msimamo wangu nauweka mapema ili mnishambulie vizuri. Bei ni mchezo wa watu wawili. Muuzaji aanzie juu, mnunuzi aanzie chini, aseme mfuko umetoboka, aseme mke atamfukuza, ruksa yote, maana kila mmoja anajua mwenzake anacheza. Ila hali ya kitu haimo kwenye mchezo huo. Sarafu ilitobolewa ikazibwa, sema. Noti ilifuliwa ikapigwa pasi, sema. Na mkishafika kwenye "nimekubali", pamefungwa. Habari za "kuna mtu kaniongezea" au "nilikuwa natania" hazipo.

Leteni visa vyenu. Majina ya watu na namba za simu tusiweke.

Sarafu ya Tundu

Mimi nakusanya za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, zile zenye simba na milima. Muuzaji mmoja wa Morogoro alirusha picha ya shilingi ya 1924, ya Mfalme George wa Tano, imeingia weusi mzuri wa ukongwe, haijaguswa. Alitaka 60,000, nikaanza na 30,000, tukazunguka weee, tukakutana 42,000. Nikatuma na ya kutolea. Akanijibu kwa furaha: "Kaka, mzigo uko kwenye basi la asubuhi, na nimekusafishia kabisa, utaipenda!"

Nilikaa chini. Ilifika inang'aa kama kijiko cha harusini. Ndimu, majivu, akamalizia na stili waya. Shavu la mfalme lote mistari.

Kwa asiye wa fani yetu: ule weusi umejengeka kwa miaka karibu mia, na ukiusugua unaondoka na uso wenyewe wa sarafu. Haurudi tena. Mkusanyaji makini akiona sarafu iliyosuguliwa anapita tu.

Sasa shauri lilikuwa gumu kwa sababu jamaa hakudanganya. Picha ilikuwa ya kweli siku aliyoipiga, isipokuwa kilichofika hakikuwa kile kilichouzwa. Nikamwandikia kwa adabu, akaona simtendei haki, kazi yote ile ameifanya bure! Mwisho tukagawana hasara, akanirudishia 20,000. Siku hizi, kabla hata ya kuuliza bei, sentensi yangu ya kwanza kwa muuzaji ni "tafadhali usiisafishe".

Fundi wa Kizota

Umerudishiwa 20,000? Una bahati, mkuu. Niongeze moja. Anayekuuzia shilingi ya 1950 kwa maneno ya "fedha tupu" anakupiga. Zile za 1921 hadi 1925 zina robo tu ya madini ya fedha, na za George wa Sita za kabla ya 1948 vilevile ni robo. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli, fedha hamna hata chembe. Soma mwaka kwanza ndipo ufungue pochi.

Mama Santuri

Wanangu, mtu akiniambia "mama, nina 25, nisaidie", tutaongea. Kuombwa nipunguze hakujawahi kuniudhi. Ninachochoka nacho ni mtu ambaye salamu yake ni "bei ya mwisho?" Hajauliza bendi gani, hali ikoje, kasha lipo au halipo. Ukimtajia hiyo ya mwisho, anaomba umpunguzie kwenye hiyo hiyo ya mwisho. Kisha kimya, hajibu tena.

Kisa changu ni cha kijana wa Singida. Tulipatana 30,000 kwa santuri ya Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Nikamrekodia video sindano ikipita upande mzima, kwa sababu santuri huwezi kuiuza kwa picha peke yake. Kuna mikwaruzo inayoonekana na haisikiki, na kuna santuri inayong'aa vizuri kumbe sindano mbovu imeshaila. Na kwenye video hiyo nikamwonyesha kwa kidole kwamba kasha limechanika pembeni. Akasema atalipa mzigo ukifika. Nikamwamini, nikatuma.

Ulipofika: "Mama nimetuma 20, kasha limechanika."

Huko siyo kupatana bei, huko ni kuteka mzigo! Nikamwambia airudishe santuri yangu, nauli juu yangu. Saa hiyo hiyo kumi iliyobaki ikaingia, bila neno. Basi sasa kwangu hela inatangulia. Usiyeniamini njoo nyumbani Ilazo, utakunywa chai na santuri utaisikiliza mpaka uridhike.

Fundi wa Kizota

Mama shikamoo. Na ikipindika kwa joto ndani ya basi, hasara ya nani?

Mama Santuri

Marahaba. Hilo tunakubaliana kabla. Naifunga katikati ya vibao viwili vyembamba, naandika ISIKAE KARIBU NA INJINI, kondakta anacheka, nampigia picha na mzigo. Baada ya hapo ya njiani ni ya mnunuzi, ila ikipinda namrudishia nusu. Wengine hawakubali nusu. Basi, hatuuziani, na hatugombani.

Kijana wa Makulu

Kuna hawa wa noti jamani. Benki Kuu ilitoa muda wa kubadilisha noti za zamani, 6 Januari hadi 5 Aprili 2025: zile za 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 zilizotolewa kuanzia 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya 500 ya 2010. Muda ulipokwisha, waliochelewa wote wakageuka wauzaji wa vitu vya kale! Mtu anakuletea noti ya 500 ya 2010 iliyolowa jasho la daladala, imekunjwa mara nane, anataka laki mbili. Ukimwambia ukweli anakujibu "imeshafutwa, ni adimu".

Kufutwa na kuadimika ni vitu viwili. Noti hiyo ilikuwa mifukoni mwa kila mtu. Mkusanyaji atatafuta ambayo haijakunjwa kabisa, au yenye namba ya pekee. Nawajibu "asante, kwangu haiingii", naachana nao. Kumcheka mtu aliyechelewa benki sioni raha yake.

Dalali Mstaafu

Nitasema msilolipenda. Kijana mmoja wa Bahi alirusha picha kwenye kundi: "Nauza hela ya Mjerumani, 10,000, maelewano yapo." Naangalia, ni heller 20 ya 1916, herufi T imekaa mahali pake. Hizo zilitengenezwa Tabora wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli za Ujerumani hazifiki, hela imeadimika kwenye koloni, wakatumia shaba yoyote waliyoipata. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakauchukua mji. Ya kwake ilikuwa nzima, kingo safi. Sikumshusha hata mia. Nilituma 10,000 na ya kutolea, nikaiuza 70,000.

Wizi uko wapi hapo? Bei alitaja mwenyewe. Vitabu vya sarafu nimenunua kwa hela yangu na macho nimeyachosha mwenyewe.

Mwalimu wa Hombolo

Kutomshusha ndiko kunakuhukumu, mzee wangu. Mtu ameandika "maelewano yapo" na wewe dalali wa miaka yote hukuomba hata apunguze elfu? Uliogopa ukifungua mdomo atashtuka aulize.

Dalali Mstaafu

Hahaha! Hapo umenikamata. Ila wizi bado siuoni.

Sarafu ya Tundu

Mimi niko na Dalali kidogo. Tukianza kumtangazia kila muuzaji thamani halisi, nani atahangaika kutafuta? Nimeshalipa 15,000 kwa heller za Tabora nikakuta zimepigwa nyundo nyuma, hakuna aliyenirudishia. Siku nyingine unapata, siku nyingine unaliwa.

Mwanzisha mada

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Mimi naangalia aliyeuliza. Muuzaji akitaja bei yake bila kukuuliza chochote, ukailipa, sina neno nawe. Lakini akikuuliza "eti mkuu, hii inafika shilingi ngapi?", amekugeuza mshauri wake, na huwezi kumshauri mtu huku unamnunua. Hapo una njia mbili: mwambie ukweli, au mwambie "mimi ni mnunuzi, sikuthaminii, kaulize kwingine kisha urudi". Kusema "aah, hii haina kitu, nakusaidia tu" huku moyo unakwenda mbio, huo kwangu ni wizi kamili hata kama pesa imelipwa.

Halafu naangalia muuzaji ni nani. Mwenye meza ya vitu vya kale pale Majengo hanihitaji nimhurumie, atanikamua siku nyingine. Mjane anayefungua kasha la marehemu ni habari tofauti. Dalali atasema hisia haziingii kwenye biashara. Zinaingia.

Mwalimu wa Hombolo

La mjane lilinikuta. Mjukuu wa bibi mmoja wa Kondoa aliweka picha za albamu ya stempu, 50,000 yote. Ndani mlikuwa na zile za 1935 za Kenya, Uganda na Tanganyika, zenye picha za ndege na majahazi, na za thamani za juu zilikuwemo. Nikampigia mjukuu, nikamwomba anipe bibi mwenyewe. Baada ya shikamoo nikamwambia: bibi, hizi chache zitoe pembeni usiuze kwa bei hii, zilizobaki nitakupa 50,000 hiyo hiyo. Akadhani natafuta namna ya kumwibia! Ilibidi mjukuu amweleze upya kwa Kirangi.

Zile za pembeni alikuja kuzinunua mtu wa Dar kwa bei ambayo mshahara wangu hauifikii. Nilizitaka mno, sitaficha. Ila mjukuu akiokota kitu sasa, simu ya kwanza ni kwangu.

Dalali Mstaafu

Kwa hiyo ulinunua simu ya kwanza. Na hiyo nayo ni biashara, mwalimu, usijitakase.

Mwalimu wa Hombolo

Sijakataa.

Sonara Mstaafu

Mimi nawaonya kuhusu tembo wa Tabora, maana mwaka haupiti bila mtu kuniletea. Ile rupia 15 ya dhahabu ya Mjerumani ya 1916, yenye tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Ilipigwa kwenye karakana ya reli Tabora, na dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, hapo Iramba mkoani Singida, kwa hiyo ni ya kwetu kabisa. Zilitengenezwa zaidi kidogo ya 16,000. Feki zipo za kila namna.

Ya kweli ina uzito wa gramu 7.17 hivi, na dhahabu yake ni robo tatu. Kijana mmoja alikuja amepatana na muuzaji mtandaoni, ameshatuma kianzio, anataka tu "nimthibitishie". Nikamwambia amwite muuzaji na mali tuipime mbele yake. Muuzaji akakasirika: kumpimia mali yake ni kumvunjia heshima. Kianzio hakikurudi.

Mwenye mali halali hakasiriki na mizani. Vilevile mwombe picha mpya, sarafu ikiwa juu ya karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Picha nyingi zinazozunguka zimechukuliwa kwenye minada ya Ulaya. Akijibu "huniamini?", mjibu kwa upole kwamba ni utaratibu wako kwa kila mtu. Na kweli iwe kwa kila mtu, hata rafiki.

Mwanzisha mada

Kabla hatujaendelea: kuna aliyeweka picha ya mawe aliyoyaokota Kolo, kule Kondoa, karibu na michoro ya kale ya miambani, nimeifuta. Eneo lile ni Urithi wa Dunia tangu 2006, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Hapa hatupatani bei ya vitu hivyo, hata kwa inboksi.

Mpenda Redio

Nina jambo linawaka sasa hivi, nishaurini. Ninauza redio ya mbao. Juzi jamaa wa Chang'ombe amesema "nimekubali, 80,000, nalipa jioni". Jioni imepita, na ya jana imepita. Leo dada mmoja wa Mpwapwa anatoa 110,000 taslimu. Nifanyeje?

Sarafu ya Tundu

Wa kwanza kulipa ndiye mwenye mali. Chukua laki na kumi, lala usingizi.

Mama Santuri

Mwanangu, mpigie simu, usimwandikie. Huenda kafiwa. Mpe mpaka saa fulani leo, mwambie wazi kuna mtu anasubiri, ila bei ya pili usimtajie, itaonekana unamlazimisha apande.

Mwanzisha mada

Naungana na mama. Jamaa wa Chang'ombe ndiye aliyeivunja jioni yake, wewe hujavunja kitu. Simu moja, saa ya mwisho, basi. Na dada wa Mpwapwa mwambie ukweli kwamba iko kwenye ahadi, asije akapanda gari bure.

Dalali Mstaafu

Mimi ningemtajia.

Mpenda Redio

Mrejesho: nilimpigia, alikuwa kijijini Mvumi, mtandao hamna. Amelipa saa kumi na moja. Dada wa Mpwapwa nimemwambia, amenisonya kisha akaniomba nikipata nyingine nimwite. Jamaa ya kutolea hakuweka.