Naomba ushauri: mtama wa ethanoli kando ya korongo

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za kazi. Niko Mpwapwa. Mimi na kaka zangu wawili tumepata mnunuzi anayetaka tumlimie mtama mtamu wa kutengenezea ethanoli (aina ya spiriti), ekari 12. Mbegu, mbolea ya yurea na dawa ya magugu anatukopesha, ila anataka tulime mpaka ukingoni mwa korongo.

Roho yangu haitulii kwa sababu ya maji. Kiangazi tunafukua mchanga wa korongo hilo hilo na kuchota kwa kata. Mama anakunywa, ng'ombe wanakunywa. Msimu uliopita jirani wa upande wa juu alitia yurea, kesho yake mvua kubwa ikashuka. Baada ya wiki chache madimbwi yalifunikwa na utando wa kijani, mazito kama mlenda, na vikambare vikaelea matumbo juu. Mbolea hulisha mwani, na mwani ukioza humaliza hewa ya oksijeni majini.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Tukiziacha, shamba linapungua sana, na kaka mkubwa amenuna.

Mliolima kandokando ya makorongo, matuta ya kontua (yale yanayokingama mteremko) na mistari ya nyasi za vetiva huzuia mbolea kweli isifike majini? Yurea niigawe mara ngapi? Na dawa ya magugu je, inafika kwenye maji ya mchangani? Mkataba tunasaini kabla ya mvua za Desemba.