Naomba ushauri: uzito napunguza, lakini kila mara unarudi wote na ziada juu yake

Mwalimu wa Kihonda

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, mama wa watoto watatu, umri wangu ni miaka 41. Nimekuja kuomba ushauri juu ya jambo linalonisumbua tangu nilipojifungua mtoto wa mwisho.

Kupungua kwenyewe si tatizo kwangu. Kila inapokaribia shughuli kubwa katika ukoo, iwe harusi ya mdogo wangu au sendofu ya binti wa shemeji, huacha kabisa ugali, wali na chapati, nikashinda kwa matango, mayai ya kuchemsha na maji ya ndimu, na katika miezi michache mzani hushuka kutoka kilo 90 hadi 77 au 78. Shughuli ikiisha narudi kwenye chakula cha nyumbani, wala sili kwa pupa, lakini kabla mwaka haujageuka nimerudi pale nilipokuwa. Safari hii nimepita hata pale: mzani unasoma 93.

Mwezi uliopita nilipimwa presha nikaambiwa imeanza kupanda, na mama yangu mzazi ana kisukari. Kwa hiyo siombi dayati nyingine. Ninachotaka kujua ni kwa nini uzito unarudi, na mtu afanye nini ili kilichopungua kibaki kimepungua. Mzingatie kwamba napika sufuria moja kwa ajili ya watu sita, na mshahara wa mwalimu mnaufahamu.

Chuma cha Pua

Dada yangu, nitasema bila kuficha: hiyo ni nidhamu. Kama uliweza kuacha ugali kwa miezi mitatu, unaweza kuuacha maisha yako yote. Anayerudia chakula asilalamike uzito unaporudi.

Afisa Lishe Mstaafu

Mwalimu, pole, na nakushukuru kwa kuuliza swali la pili, yaani namna ya kubaki, kwa sababu watu wengi huishia kwenye la kwanza. Ndugu Chuma cha Pua naye nitamjibu humuhumu.

Mwanzoni, mtu anapoacha wanga ghafla, sehemu kubwa ya kilo zinazokimbia ni maji. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo hukaa pamoja na gramu zipatazo tatu za maji. Akiba ikiisha, maji hutoka. Ukila ugali siku mbili, yanarudi. Hapo wengi hukata tamaa wakidhani wamenenepa, ilhali mafuta hayajaongezeka.

Jambo zito zaidi ni kwamba mwili uliopungua hutumia nishati kidogo kuliko ule wa awali, na si kwa sababu ya udogo wake peke yake. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowafuatilia watu 14 waliowahi kushiriki mashindano ya televisheni ya kupunguza uzito. Miaka sita baada ya mashindano wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo zao, na miili yao, hata wakiwa wamepumzika, ilikuwa ikichoma takriban kilokalori 500 kwa siku pungufu ya kiasi kinachotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Homoni nazo haziko upande wetu. Watafiti wa Melbourne walionyesha mwaka 2011 kwamba watu walioshushwa uzito kwa mlo mkali wa wiki 10 walikuwa bado, mwaka mzima baadaye, na leptini iliyoshuka, ghrelini iliyopanda na njaa kubwa kuliko kabla ya kuanza. Leptini ndiyo inayouarifu ubongo kwamba akiba ya mafuta inatosha. Ghrelini huchochea njaa.

Ndiyo maana siafiki kuyaita haya yote nidhamu. Kati ya mwaka 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwapunguzia chakula vijana 36 wa kujitolea, wenye afya njema, kwa wiki 24, na wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Walipofunguliwa chakula walikula kupita kiasi kwa muda mrefu, na mafuta ya mwilini yakazidi yale ya mwanzo. Hao walikuwa watu waliochujwa kwa uthabiti wao, Ndugu Chuma, na bado ilikuwa hivyo.

Sasa, Mwalimu, angalia kauli yako kwamba unarudi kwenye chakula cha nyumbani. Chakula hicho ndicho kilichokuwa kikiubeba mwili wa kilo 90. Hata usipoongeza kijiko, ukikirudia kama kilivyokuwa, kitakurudisha kwenye kilo 90, kwa hiyo kinachopaswa kubadilika ni hicho chakula cha kila siku, na kibadilike kwa kiasi ambacho utaweza kuishi nacho hata mwaka usio na harusi. Lengo la kwanza lisiwe 77. Katika utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliochapishwa mwaka 2002, washiriki waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Kwako wewe asilimia 7 ni kama kilo sita na nusu. Fika 86 au 87 polepole, kisha usimame hapo miezi sita bila kujaribu kushuka zaidi. Kusimama ni kazi inayojitegemea, na ndiyo ambayo hujawahi kupewa nafasi ya kuifanya.

Mama Mkubwa wa Muheza

Mwanangu, mimi nilishuka na nimekaa hapo miaka mingi, na ugali nala. Usiuondoe kwenye sufuria ya familia. Badilisha sahani yako tu. Nusu ya sahani iwe mboga, mchicha, matembele au kabichi, robo iwe maharage, dagaa au samaki, na robo iliyobaki ndiyo ugali au wali. Dagaa na maharage hushibisha na havimfilisi mtu.

Kinachonenepesha nyumba zetu, kwa maoni yangu, ni chupa ya mafuta inayomiminwa kwa kukadiria. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina takriban kilokalori 120, na mchuzi wa watu sita huiva vizuri kwa vijiko vitatu. Pima kwa kijiko, na wenzako mezani hawatagundua. Chai ya sukari, soda na juisi za ukwaju nazo zihesabu kuwa chakula, kwa kuwa chupa moja ya soda huwa na zaidi ya gramu 30 za sukari na haimwondolei mtu njaa.

Mzani napanda kila Jumatatu asubuhi kabla ya chai. Ukizidi kilo mbili juu ya mahali pangu, narudi kwenye vipimo vyangu wiki hiyohiyo, sisubiri Januari.

Duka la Tiba Asili

Mwalimu, tunayo chai ya kusafisha tumbo, kilo tano kwa siku kumi, tunatuma mikoa yote. Karibu inboksi.

Afisa Lishe Mstaafu

Nyingi ya chai hizo zina sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Sena hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimekwisha kufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, hivyo kinachotoka ni maji na madini, potasiamu ikiwemo. Mtu mwenye presha asicheze nayo.

Mwalimu wa Kihonda

Nawashukuru sana, na Mama Mkubwa, shikamoo. Nina maswali mawili. Kwanza, wenzangu kazini wanazungumzia sindano za kupunguza uzito. Je, hizo hazikomeshi mzunguko huu? Pili, nikipungua, upande wa ukweni huanza kuuliza kama naumwa au kama mume wangu ananitesa, na mama mkwe hunipakulia mara mbili. Jambo hili linaweza kuonekana dogo, lakini limewahi kunishinda kuliko njaa yenyewe.

Afisa Lishe Mstaafu

Sindano ya semaglutaidi ni dawa ya kweli. Katika jaribio lake kubwa washiriki walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15 katika wiki 68. Lakini waliofuatiliwa baada ya kuiacha walirudisha takriban theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja. Maana yake ni matibabu ya muda mrefu, kama dawa ya presha, chini ya daktari na kwa gharama inayoendelea. Ukiitumia kwa ajili ya sendofu utakuwa umenunua mzunguko uleule kwa bei ya juu.

Na wewe uniambie: kuna dawa yoyote unayotumia kwa muda mrefu? Je, tezi dundumio, ile ya shingoni ambayo homoni zake huongoza kasi ya mwili kutumia nishati, imewahi kupimwa?

Mama Mkubwa wa Muheza

Marahaba, mwanangu. Kuhusu ukweni, usitaje dayati hata kidogo. Sema daktari amekukataza kwa sababu ya presha, jambo ambalo ni kweli, na mtume mumeo alitamke yeye kwa mama yake. Chakula ukipakuliwa, pokea, anza na mboga, ule taratibu. Sahani yenye kitu juu yake haiongezwi. Na nguo ya shughuli ijayo mwambie fundi akushonee kwa mwili ulionao leo.

Mwalimu wa Kihonda

Tezi haijawahi kupimwa. Dawa ninayotumia ni sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu, tangu mtoto wa mwisho.

Afisa Lishe Mstaafu

Hilo lingepaswa kutangulia. Sindano hiyo huwaongezea uzito baadhi ya wanawake, na inawezekana wewe ni mmoja wao, ingawa haielezi yote. Usiiache peke yako ukajikuta na mimba usiyoipanga. Kabla ya tarehe ya dozi ijayo nenda kliniki, waeleze historia ya uzito na presha yako, uwaulize kuhusu njia isiyo na homoni kama kitanzi cha shaba, na siku hiyohiyo omba upimwe sukari na tezi. Majibu ukiyapata, yalete hapa tuyasome pamoja kabla hujapunguza hata kijiko cha mafuta.