Naomba ushauri: ziwa la chemchemi limekuwa tope baada ya mvua

Wakuu habari, naombeni msaada maana nimechanganyikiwa. Kuna kaziwa kadogo tunakatumia, maji yake yanatoka chini kwenye chemchemi, siku zote ni meupe unaona mpaka mawe ya chini, sasa mvua imepiga siku tatu mfululizo na yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Mchanga naelewa unazama fasta, ila huu udongo wa mfinyanzi chembe zake ni chini ya milimita 0.002, zinaelea tu wiki na wiki, na upepo ukivuma tope la chini linatibuka tena, yaani kazi bure.

Ninachotaka kujua, nitajuaje kama tope linaingia na maji ya juu kutoka mteremkoni au ni chemchemi yenyewe inatoa machafu? Maana nasikia kwenye miamba ya chokaa mvua inapenya kwenye nyufa bila kuchujwa. Jamaa mmoja ananiambia nimwage shabu (ile dawa ya kufanya tope lishikane na kuzama), mwingine anasema nipande majani pembeni nisubiri. Naogopa pia mbolea iliyoganda kwenye udongo isije ikaleta mwani. Aliyewahi kupitia hili anisaidie, nianzie wapi?