Mkutano wa wahitimu: tumelipia mafunzo endelevu, tumeuziwa mikopo na bima

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika nikiwa na hasira, na sitaificha. Mkutano wa wahitimu wa chuo chetu cha biashara, uliofanyika katika hoteli moja ya ufukweni hapa Dar es Salaam, ulitangazwa kwa muda mrefu kwamba safari hii hautakuwa wa kula, kucheza muziki na kupiga picha peke yake. Tuliambiwa kuwa kuanzia asubuhi hadi alasiri kungekuwa na vipindi vya mafunzo endelevu kwa wahitimu, vikifundishwa na wabobezi wa fani husika, na kwamba kila atakayehudhuria angepewa cheti chenye saa za mafunzo zinazotambuliwa na bodi za kitaaluma. Kwa ahadi hiyo tulitozwa shilingi 250,000 kila mmoja, mbali na tiketi ya chakula cha jioni. Chakula cha jioni kilikuwa kizuri na sina neno juu yake. Malalamiko yangu ni juu ya vipindi, kwa sababu hakuna hata kimoja kilichostahili kuitwa darasa.

Jina la chuo sitalitaja. Waliosoma pale watakitambua, na ninachotaka ni kamati iwajibike kwa wahitimu wake.

Nianze na kipindi cha kodi, ambacho ndicho kilichowavuta wengi, hasa wenzetu walioacha ajira na kufungua biashara zao. Mtoa mada alikuwa mtumishi wa benki iliyodhamini mkutano. Katika slaidi zake za mwanzo alionyesha kwamba mfanyabiashara analazimika kujisajili VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, mauzo yake ya mwaka yakifika shilingi milioni 100. Mhasibu yeyote anayefuatilia Sheria ya Fedha kila Julai anajua kwamba kiwango hicho kilipandishwa hadi milioni 200 mwaka 2023. Dada mmoja aliyekuja kutoka Mbeya, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alisimama akaeleza kwamba mauzo yake kwa mwaka hayajafika milioni 150, akauliza kama anatakiwa kujisajili. Akajibiwa mbele ya ukumbi mzima kwamba anatakiwa, na kwamba kwa sasa anavunja sheria.

Naomba mfikirie uzito wa jibu hilo. Mtu huyu angerudi Mbeya akajisajili kwa hofu, angeanza kuongeza asilimia 18 kwenye bei ya saruji na mabati huku majirani zake wanaouza bidhaa zilezile wakiwa hawaongezi, na angetakiwa kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya kodi, kila mwezi, kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Wateja wangemkimbia kwa sababu ya kosa la slaidi iliyonakiliwa kutoka wasilisho la miaka iliyopita. Mmoja wetu aliponyoosha mkono kusahihisha, mshereheshaji alichukua kipaza sauti akasema muda umekwisha, maswali yapelekwe kwenye meza ya wadhamini nje ya ukumbi. Dakika zilizobaki zilitumika kuonyesha video ya mkopo wa wafanyabiashara wadogo. Dada yule tulimfuata wakati wa chai tukamweleza hali halisi, lakini ukumbini walikuwemo watu wengi ambao hatukuwafikia, na mpaka leo kamati haijatuma marekebisho yoyote.

Kipindi cha pili kilichoniuma ni kile kilichoandikwa kwenye ratiba kuwa "Mabadiliko ya taarifa za fedha". Nilikuwa nakisubiri kwa hamu, kwa kuwa katika ofisi nyingi za uhasibu hakuna jambo linaloumiza vichwa sasa kama IFRS 18, mojawapo ya viwango vya kimataifa vya kuandaa taarifa za fedha. Kiwango hicho kilitolewa Aprili 2024 kuchukua nafasi ya kiwango cha zamani, IAS 1, na kinaanza kutumika kwa vipindi vya hesabu vinavyoanza tarehe 1 Januari 2027 au baada yake. Kinabadilisha sura ya taarifa ya faida na hasara: mapato na gharama sasa vitapangwa katika makundi ya uendeshaji, uwekezaji na ugharamiaji, mbali na kodi ya mapato na shughuli zilizositishwa, na kampuni zitalazimika kuonyesha jumla ndogo ambazo zamani kila mmoja alizitafsiri atakavyo, ikiwemo faida ya uendeshaji. Vipimo ambavyo menejimenti hupenda kuvitaja kwenye taarifa zake kwa umma, kwa mfano ile wanayoiita faida iliyorekebishwa, vitatakiwa kuelezwa kwenye maelezo ya hesabu na kulinganishwa na tarakimu za IFRS, maana yake mkaguzi atavigusa.

Hili si jambo la kungojea mwaka 2027 ufike. Kampuni inayofunga hesabu zake Desemba italazimika kuonyesha tarakimu za mwaka 2026 kwa mpangilio mpya ili zilinganishwe na za 2027, kwa hiyo orodha ya akaunti kwenye mfumo wa hesabu inapaswa kupangwa upya mapema, la sivyo mhasibu atajikuta anapekua miamala ya mwaka mzima kwa mkono akitafuta ni faida gani ya fedha za kigeni inatokana na wadaiwa na ipi inatokana na mkopo. Wenye mikopo ya benki iliyofungwa na masharti yanayotegemea faida ya uendeshaji nao wanahitaji kukaa na benki zao wayasome upya masharti hayo. Na wale wenye kampuni ndogo wanaotumia IFRS kwa ajili ya kampuni ndogo na za kati wana toleo la tatu lililotolewa Februari 2025, ambalo nalo linaanza Januari 2027. Hayo yote yangeweza kujaza siku nzima, na watu wangetoka na kazi ya kwenda kuifanya ofisini Jumatatu.

Tulichopewa ni maonyesho ya programu ya hesabu ya kampuni fulani. Kijana aliyetumwa, ambaye simlaumu kwa sababu alikuwa anafanya kazi aliyoajiriwa kuifanya, alionyesha jinsi ya kutengeneza ankara kwenye simu, jinsi ya kuweka nembo na jinsi ya kulipia kifurushi. Mhitimu mmoja alipouliza kama programu hiyo inaweza kutenganisha makundi ya IFRS 18, alijibu kwa uaminifu kwamba hajawahi kusikia habari za kiwango hicho. Aliyepaswa kuona aibu ni aliyeandika kichwa cha kipindi akijua nani atakisimamia.

Jambo linalonitia uchungu zaidi ni kwamba walimu wetu walikuwepo. Mwalimu aliyetufundisha uhasibu wa gharama alikuwa ameketi meza ya mbele, amestaafu lakini akili yake bado kali, na hakupewa hata dakika kumi. Wahadhiri wengine wawili wanaofundisha pale mpaka sasa walialikwa kama wageni wa heshima, wakatambulishwa, wakapigiwa makofi, basi. Tulipokuwa wanafunzi, watu hawa walitufundisha kwa visa vya kampuni halisi: unapewa kurasa usiku, unasoma, unapiga hesabu, asubuhi unasimama kutetea uamuzi wako mbele ya wenzako wanaokupinga. Ni njia ambayo Harvard Business School imeijenga tangu miaka ya 1920 na ambayo imeenea katika vyuo vya biashara ulimwenguni kote. Wahitimu wa Harvard wanaporudi kwenye mikutano yao ya kila miaka mitano, wahadhiri wa chuo husimama mbele yao na kuzungumza nao kuhusu wanachofundisha na kutafiti. Hilo halihitaji utajiri wa Harvard. Linahitaji kisa cha kurasa nane kilichotumwa wiki moja kabla, mwalimu mmoja aliyejiandaa, na muda wa kubishana. Sisi wahitimu ndio wenye visa vyenyewe: humu kuna waliopitia kuunganishwa kwa benki, kuna aliyefunga kiwanda cha alizeti na anaweza kueleza mtaji ulikwama wapi, kuna maofisa ununuzi waliohamia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa umma kwa mtandao, katikati ya mwaka wa fedha wakiwa na zabuni zinazoendelea. Watu hao walikaa kimya kutwa nzima wakisikiliza matangazo.

Kuhusu vyeti, nataka kamati ijibu bila kuzunguka. Cheti nilichopewa kina jina langu, nembo za wadhamini na maneno "saa nane za mafunzo endelevu". Hakina jina la mkufunzi, hakitaji mada, hakina namba yoyote ya uthibitisho. Nilipouliza ni bodi gani imeidhinisha mafunzo hayo, niliambiwa mazungumzo na bodi "yanaendelea". Mwanataaluma anayetakiwa kutimiza saa zake za mwaka hawezi kuzithibitisha kwa karatasi ya namna hiyo, kwani kinachohitajika ni ushahidi wa nini kilifundishwa, na nani, kwa muda gani. Wapo wenzetu walioomba ruhusa kazini na kulipiwa na waajiri wao kwa sababu ya saa hizo tu. Kutangaza kwamba saa zinatambuliwa wakati maombi ya kutambuliwa hayajakamilika ni kupokea fedha za watu kwa maelezo yasiyo ya kweli, na sioni jina laini la kuliita.

Kuna jambo jingine ambalo nisingelinyamazia hata kama vipindi vingekuwa vizuri. Siku chache baada ya mkutano nilianza kupokea ujumbe na simu kutoka benki iliyodhamini pamoja na kampuni ya bima, wote wakinitaja kwa jina kamili na mwaka niliohitimu. Wenzangu kwenye kundi letu la WhatsApp wamepata simu hizohizo. Taarifa hizo tuliziandika kwenye fomu ya kujisajili kwa ajili ya kuhudhuria mkutano, na hakuna mahali popote tulipoombwa ridhaa zipewe mtu mwingine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume inayosimamia sheria hiyo na kupokea malalamiko. Anayekusanya taarifa za mtu anatakiwa kumweleza zinakusanywa kwa madhumuni gani, na asizitumie kinyume cha madhumuni hayo. Chuo kinachofundisha utawala bora wa kampuni hakiwezi kudai kwamba hakikulijua hilo.

Niliiandikia kamati kwa utaratibu, kwa barua pepe, kabla ya kuja hapa. Nilijibiwa kwa sentensi mbili: kwamba maoni yangu yamepokelewa na yatafanyiwa kazi, na kwamba bila wadhamini mkutano usingewezekana. Hoja ya wadhamini naielewa. Ukumbi una gharama, na mdhamini ana haki ya bango lake, meza yake na dakika zake za kujitangaza wakati wa chakula. Hana haki ya kuchukua kiti cha mwalimu katika kipindi ambacho mimi nimekilipia. Kama fedha za udhamini zilitosha kuendesha mkutano, basi ile ada ya 250,000 ilikuwa ya nini? Na kama hazikutosha, kwa nini mdhamini apewe siku nzima?

Ninachodai ni hiki. Kamati itume kwa wote waliohudhuria marekebisho ya maandishi ya kipindi cha kodi, na ifanye hivyo wiki hii, kwa sababu kuna watu wanaweza kuchukua hatua za kibiashara kwa taarifa ya uongo. Iseme wazi kama vyeti vina idhini ya bodi yoyote; kama havina, irudishe ada ya vipindi kwa kila anayeidai. Iwaandikie wadhamini wafute namba zetu, na itupe nakala ya barua hiyo. Kwa mkutano ujao, ratiba ya vipindi ipangwe na idara za chuo, majina ya wakufunzi yatangazwe kabla ya watu kulipa, na nusu ya muda wa kila kipindi iwe ya maswali na majadiliano.

Waliokuwepo ukumbini naomba waandike hapa chini walihudhuria kipindi gani, waliahidiwa nini, na kama nao wamepigiwa simu na wadhamini. Msiweke namba zenu za simu wala picha za vyeti vyenye majina. Maelezo yakishakusanyika nitayapeleka kwa mkuu wa chuo kwa maandishi, na suala la taarifa zetu binafsi nitalipeleka kwenye Tume.